Kibali cha usalama Marekani: kiwanja kilichoandikwa jina la mama nikitaje au nikiache?

Mtanga wa Maryland:

Wakubwa shikamooni, na rika langu habari zenu. Nimezaliwa Tanga, nikapata uraia wa Marekani mwaka 2021, na mwezi uliopita kampuni moja yenye kandarasi na Wizara ya Ulinzi imeniahidi kazi ya kusimamia seva, kwa sharti kwamba nipate kibali cha usalama cha ngazi ya Secret, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali. Nimeletewa Fomu SF-86, yenye maswali ya upekuzi, niijaze mtandaoni, na nimekwama tangu nilipofika kwenye kipengele cha ndugu. Marehemu baba alikuwa na wake wawili, hivyo ndugu zangu ni wanane, watatu wa tumbo moja na watano wa mama mkubwa, na mmoja wao ni askari polisi huko nyumbani. Tarehe ya kuzaliwa ya mama iliyo kwenye kitambulisho cha taifa ilikadiriwa tu na ofisa aliyemwandikisha.

Linaloninyima usingizi zaidi ni kiwanja. Mwaka 2022 nilinunua kiwanja Pongwe, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha, wala wakati huo asiye raia hakupewa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa iliandikwa jina la mama. Rafiki yangu amenishauri ninyamaze, kwa kuwa jina langu halipo popote. Isitoshe, mwaka 2023 niliachishwa kazi nikashindwa kulipa kadi ya mkopo kwa miezi mitano. Je, nina matumaini yoyote?

Mzee wa Woodbridge:

Marahaba, kijana wangu. Kibali hiki ninacho tangu mwaka 2009, na vijana kadhaa wa kwetu nimewaona wakikipata na wengine wakikikosa, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Kwanza, kibali hakiombwi na mtu binafsi. Anayekuombea ni mwajiri mwenye kazi inayokihitaji, na wewe hulipi hata senti, kwa hiyo yeyote atakayekudai ada ili "akuharakishie" ni tapeli. Upekuzi wenyewe kwa sehemu kubwa hufanywa na wakala wa Wizara ya Ulinzi uitwao DCSA, ulioipokea kazi hiyo mwezi Oktoba 2019.

Kuhusu ndugu, fomu ina hesabu yake, nayo si hesabu yetu. Inataka wazazi, wazazi wa kambo, wakwe, watoto, na ndugu wote wakiwemo wa baba mmoja au mama mmoja, kwa hiyo wote wanane wanaingia. Mtoto wa mama mdogo, yaani wa mdogo wake mama yako, ambaye sisi humwita ndugu bila kufikiri mara mbili, hatakiwi katika kipengele hicho, lakini ikiwa si raia wa Marekani na mnazungumza mara kwa mara kwa mapenzi ya kweli, basi anaingia katika kipengele kinachofuata cha watu wa nje ulio karibu nao. Kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja, ambamo mnatumiana salamu za Ijumaa na picha za harusi, kwa maoni yangu halikufanyi uwe karibu na kila aliyemo. Kaka yako askari mtaje pamoja na kazi yake, kwa sababu fomu inauliza waziwazi kama ndugu ana uhusiano na serikali, jeshi au vyombo vya usalama vya nchi nyingine. Tarehe ya mama iandike kama ilivyo kwenye kitambulisho chake, kisha uweke alama kwenye kisanduku cha makadirio, ambacho kiliwekwa kwa ajili hiyohiyo.

Sasa kiwanja. Rafiki yako amekupotosha, naye huenda hajaisoma fomu. Kipengele cha mali za nje hakiishii kwenye kuuliza una mali gani kwa jina lako. Swali jingine linauliza kama umewahi kuwa na mali ambayo mtu mwingine anaisimamia kwa niaba yako, na hicho ndicho kiwanja chako cha Pongwe. Kitaje, eleza kwa nini kina jina la mama, taja bei uliyolipa, upite. Kiwanja kimoja kando ya maisha yako yote yaliyoko Maryland hakimtishi mtu. Kinachotisha ni kiwanja kilichofichwa, kwa sababu anayejua siri yako anaweza kukubana nayo, na hilo ndilo jambo ambalo wapekuzi hao wanalitafuta. Tena kusema uongo kwa makusudi katika fomu hiyo ni kosa la jinai, ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka mitano jela.

Binti Kisauni:

Mzee amesema kweli, nami ninaongeza yaliyonipata. Mimi ni Mkenya na Mmarekani pia, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na hilo peke yake halikunizuia, maana niliutaja uraia wangu na nikaeleza kwamba ninaingia na kutoka Marekani kwa pasipoti ya Marekani. Kilichoniponza ni akaunti ya benki niliyofungua pamoja na dada yangu huko Mombasa kwa ajili ya matibabu ya baba. Haikuwa na hata dola mia tatu, nikaiona ni kitu cha kipuuzi, sikuiandika.

Mpekuzi alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyekuja na kitambulisho chake na daftari la manjano. Aliniuliza kama nina akaunti yoyote nje, nikajibu sina. Akaandika. Baada ya kurasa mbili hivi akaniuliza fedha za matibabu ya baba zilikuwa zinapitia wapi, na hapo nikausikia moyo wangu ukidunda hadi masikioni. Nilieleza yote, lakini tayari nilikuwa nimejibu "sina" nikiwa chini ya kiapo. Miezi kadhaa baadaye nikapokea waraka wa sababu za kutaka kuninyima, ambao mfanyakazi wa kampuni ya kandarasi hupewa siku 20 kuujibu. Niliomba kusikilizwa, nikafika mbele ya jaji wa utawala nikiwa na taarifa za benki na barua ya hospitali, na mwishowe nikapewa kibali, lakini ilipita zaidi ya mwaka mmoja na ile kazi alikuwa ameshapewa mtu mwingine. Ndugu yangu, usiruhusu fomu ya kompyuta ikuamulie kwamba jambo ni dogo.

Mtanga wa Maryland:

Nimewaelewa, na ninawashukuru sana. Je, ile kadi ya mkopo, na dola 250 ninazomtumia mama kila mwezi?

Mhasibu Asiyelala:

Kadi itaje. Fomu inauliza madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120 katika miaka saba iliyopita, na miezi mitano imevuka hapo. Fedha ni miongoni mwa mambo yanayowaangusha watu wengi, lakini miongozo 13 ya kuamua nani apewe kibali, inayotumika tangu Juni 2017, inamtaka mwamuzi amtazame mtu kwa ujumla wake, na inatambua wazi kwamba kupoteza kazi ni jambo lililo nje ya uwezo wako, mradi ulichukua hatua za kulipa. Weka pamoja barua ya kuachishwa kazi, makubaliano ya kulipa kidogokidogo na risiti ya mwisho. Fedha za mama nazo zinaulizwa, kwa hiyo pakua orodha ya miamala kutoka kwenye programu unayotumia, upate jumla halisi badala ya kukisia.

Mzee wa Woodbridge:

Nimesahau upande wa kukitunza kibali. Zamani wenye Secret walikuwa wakipekuliwa upya kila baada ya miaka 10, lakini siku hizi kumbukumbu zako za mikopo na za polisi hukaguliwa mfululizo na mashine, kwa hiyo toa taarifa kwa afisa usalama wa kampuni kabla mashine haijakutangulia. Safari binafsi za nje zinatolewa taarifa kabla ya kuondoka. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu simu ya msiba inaingia saa tisa usiku na jioni yake uko uwanja wa ndege. Utaratibu unaruhusu dharura, lakini mpigie msimamizi wako hata kwa simu kabla ya kupanda ndege, kisha ukamilishe taarifa ndani ya siku tano za kazi baada ya kurudi. Mimi niliporudi kumzika mama yangu niliacha ujumbe wa sauti nikiwa kwenye foleni ya ukaguzi, na ulitosha.

Mtanga wa Maryland:

Nimempigia mama leo nikamwomba picha ya karatasi ya mauziano, nikamweleza kwamba ninaiandika kwenye fomu ya serikali ya huku. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani hao Wamarekani wanakitaka kiwanja changu?" Picha ameituma, muhuri unasomeka vizuri. Fomu ninaituma Jumatatu.