Nina siku moja tu: Hastings, Towton au Bosworth?

Mpakato: Wakuu, salaam. Nimepata Jumamosi moja huru huku Uingereza, nataka kukanyaga mahali walipouana kwa ajili ya taji. Nimebakiza Hastings (1066), Towton (1461) na Bosworth (1485). Niende wapi?

Kisiki: Unakaa mji gani? Una gari? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Bin Saad: Hastings, wala usiulize. Ila usishuke Hastings mjini, wengi hukosea hapo. Walipigana kilomita kama 10 kutoka pale, mahali panapoitwa Battle, na treni ya London inasimama. William wa Normandy, aliyeshinda, alijenga abasia (nyumba ya watawa) juu ya kilima, na kuna jiwe panaposemekana Harold, mfalme wa Uingereza, ndipo alipoanguka. Simama bondeni utazame juu, utaelewa kwa nini farasi wa Normandy walihangaika kutwa nzima.

Kisiki: Harold alifika amechoka bwana. Septemba 25 alikuwa kaskazini kabisa, anawamaliza Wanorway pale Stamford Bridge.

Darajani: Kwa Chelsea? 😂

Kisiki: Kijiji karibu na York, mkuu.

Darajani: Ushindi ni ushindi. Tunauandika.

Mama Tumu: Towton msiende kichwa kichwa. Mimi nilienda mwezi Machi. Nimesoma walikufa watu 28,000, nikajua nitakuta makumbusho, chai, choo. Wapi! Shamba, msalaba wa jiwe, vibao vya maelezo, basi. Tope lilinivua kiatu cha kushoto, nikakichomoa kwa mikono miwili. Choo nilikisubiri hadi Tadcaster, na huko nako basi la kurudi lilishaondoka. Lakini niseme kweli: nilipogeukia kusini upepo ukanichapa mvua machoni, nikawaonea huruma Lancaster, ukoo uliokuwa unagombea taji na ukoo wa York. Siku ile theluji iliwapiga hivyohivyo, mishale yao ikawa haifiki, ya York inawafikia.

Bin Saad: Dada, hiyo 28,000 ni hesabu ya watu wa zama zile. Wanahistoria wengi wanaona imekuzwa.

Mama Tumu: Kiatu changu hakijakuzwa.

Ngao: Bosworth. Unafikia Leicester, ambako Richard III, mfalme aliyeuawa Bosworth, alifukuliwa 2012 chini ya maegesho ya magari, akazikwa upya kanisa kuu 2015. Ujue tu kwamba kituo cha wageni kiko kilimani, ila beji ya nguruwe-mwitu, nembo yake, iliokotwa mbali kidogo, pamoja na risasi za mizinga, kwa hiyo walipigana huko. Maskini, akina Stanley, mabwana aliowategemea, walimgeuka.

Mama Tumu: Maskini gani? Watoto wa kaka yako ni wanao. Yeye akawapokonya kiti!

Ngao: Bunge lilimthibitisha.

Mama Tumu: Na wale watoto wa kaka walipotelea wapi?

Mpakato: Samahani jamani, nilisahau. Niko Birmingham, sina gari, na shemeji anakuja na wanawe wawili.

Kisiki: Si ungesema tangu asubuhi!

Ngao: Leicester basi, treni huchukua kama saa moja.

Bin Saad: Hata hivyo, Hastings.

Mama Tumu: Hao watoto wana umri gani?