Nyasi bandia kiwanja cha skuli Pemba, tukubali au tunajitia mashakani?

MwalimuFilimbi
Assalaamu alaykum jamani. Mie mwalimu wa michezo skuli ya sekondari ya serikali huku Pemba, jina la skuli tuliache. Kiwanja chetu nusu kinamo nusu mawe, masika ikiingia pale golini panakuwa bwawa, vyura ndo wanaofanya mazoezi, af kaskazi likipiga panakauka kama sakafu, mtoto akianguka anainuka goti jekundu. Mwaka jana tunajiandaa na mashindano ya maskuli ya Elimu Bila Malipo golikipa wangu kajirusha vizuri kabisa, mpira kaudaka, kidevu kakipiga kwenye jiwe, nyuzi nne. Mpira hakuuachia lakini.

Sasa kuna kijana kasoma hapa zamani, yuko nje, mungu kamjaalia, anasema atutilie nyasi bandia, yaani zulia la plastiki, kama za uwanja wa Gombani. Kamati imegawika. Mkuu wa skuli keshaanza kuhesabu viti vya siku ya ufunguzi. Kuna mzee mmoja kauliza, "hilo zulia likichakaa nani atanunua jengine?" watu wakacheka, mie sikucheka. Na watoto ndo usiseme, tangu Januari 2025 Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walivyowafunga Burkina Faso palepale Gombani wakachukua Kombe la Mapinduzi hawaambiliki hawasemezeki. Wenye uzoefu nambieni ukweli, tukubali?

NjumuKuukuu
Waalaykum salaam mwalimu. Mie nimefanya kazi miaka mitatu kwenye kiwanja cha nyasi bandia huku Unguja, kazi yangu kuburura brashi, kwa hiyo haya nakwambia kwa mgongo wangu.

Kwanza watu wanadhani ni zulia unatandika siku mbili umemaliza. Zulia lenyewe ndo kitu cha mwisho. Chini yake kuna kifusi, kuna kokoto za size tofauti zilizoshindiliwa kwa mashine, kuna mabomba yenye vitundu ya kutolea maji, na pote paende na mteremko mdogo sana jicho halioni lakini maji yanauona. Hapo ndo pesa inaposhuka. Nyie na kinamo chenu maji hayendi chini, yanakaa, mkitandika juu yake bila ya kazi hiyo basi masika mbili tu zulia linavimba kama mkate wa kumimina.

Pili zile nyuzi za zulia, mara nyingi milimita 40 mpaka 60, hazisimami peke yake. Katikati unamwagwa mchanga af juu yake zile chenga nyeusi za mpira, aghlabu zinatoka kwenye matairi mabovu yaliyosagwa. Mtoto akicheza zinaondoka nae, kwenye soksi, kwenye njumu, mpaka kitandani kwa mama yake. Pale penalti na golini ndo zinaisha mwanzo, usipojaza nyuzi zinalala, zikishalala hazirudi. Kila wiki brashi, kila baada ya muda kujaza chenga, na likitunzwa vizuri miaka 8 mpaka 10 hivi linakuwa kwisha kazi. Mzee wenu kauliza swali la maana kuliko wote mliokuwemo kwenye kikao.

Uzuri wake na mie niseme: mvua ikikatika baada ya muda mfupi mnacheza, mpira hauruki ovyo, na kinaweza kuchezewa asubuhi mpaka usiku kisichoke. Majani ya kweli ukiyachezea hivyo mwezi mmoja unabaki na vumbi.

KarafuuMbichi
Yakhe mwalimu weye Pemba ya wapi? Msimu ukifika kweupe pote kuna majamvi ya karafuu, utawaambia nini wenyewe? Zulia lile litaonekana kama kaanikio limeletwa na serikali 😂😂 af karafuu zinanuka tairi uzipeleke ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, utarudi nazo mbio

NjumuKuukuu
@KarafuuMbichi unacheka lakini ndo hivo hivo. Sisi ilikuwa harusi. Watu walipiga hema wakakita vigingi vya chuma kwenye zulia, tumekuja asubuhi matundu kumi na moja nimeyahesabu mwenyewe, na sehemu ya jiko paliyeyuka duara zima kama sinia. Gundi ya kuzibia tukasubiri wiki sita.

MpembaWaColumbus
Mwalimu mie niko Marekani, Ohio, wanangu wanasoma skuli ya serikali hapa, high school. Kiwanja chao nyasi bandia, pembeni tartani ya kukimbilia, taa, majukwaa, ukikiona utasema cha timu ya taifa. Lakini usitizame kiwanja, tizama nani analipa. Huku mara nyingi wakaazi wa eneo wanapigishwa kura, skuli ikope au isikope, wakikubali deni linalipwa kwa kodi za nyumba zao miaka na miaka. Kiwanja kimoja kikubwa ni dola milioni moja na kupita, na ukishakaribia mwaka wa kumi unaanza tena kutafuta pesa za zulia jipya. La zamani nalo ni mzigo, marola makubwa yamejaa mchanga, hakuna anaeyataka.

Na kwao ina maana kwa sababu kiwanja kimoja mchana wanacheza mpira wa miguu wasichana, jioni ule mpira wao wa kushika mkono na makofia magumu, bendi nayo inafanya mazoezi humo humo, af kuna barafu, ikiyeyuka ni tope tupu. Hata hii nyasi bandia ilivyoanza kupata jina ni 1966 kule Houston, walijenga uwanja umefunikwa juu, paa la vioo, wachezaji wakalalamika mwangaza unawapiga machoni, vioo vikapakwa rangi, majani yakafa kwa kukosa jua. Ndo wakatia za plastiki. Sisi Pemba jua tumekosea wapi kulikosa?

Na kuhusu jua. Zulia hili saa saba mchana siku ya jua kali linafika nyuzi joto 60 na zaidi pale juu, mtu hakai. Mkimwagia maji linapoa kidogo, muda si muda limerudi.

DadaNetiboli
Naona wanaume mshagawana kiwanja kizima 🙂 Mie nimecheza netiboli skuli miaka yote, hakuna hata siku moja nilibadilisha nguo mahali pa heshima, tulikuwa tunashikiliana kanga nyuma ya darasa. Wasichana wengi wanaacha michezo kidato cha pili si kwa sababu ya mawe, ni kwa sababu hakuna choo chenye maji wala pa kubadilishia. Mwalimu nambie, katika hizo pesa za huyo kijana, choo kimo?

Na jengine, Ulaya 2023 wamepitisha sheria kuwa zile chenga za mpira mwisho wake kuuzwa ni 2031 kwa sababu zinamwagika zinaingia kwenye mazingira. Sisi kisiwa, mvua ikipiga zinakwenda wapi kama si baharini? Wenzetu wanatumia hata makumbi ya nazi yaliyosagwa badala ya tairi, makumbi jamani! Wanawake wanaosokota kamba za usumba wanayafukia ufukweni.

NjumuKuukuu
Makumbi ni kweli yapo na hayawaki joto kama mpira, ila yanataka unyevu na mvua kubwa inayaelesha. Na kwa dada hapo sina la kubisha.

Mwalimu kama kijana kashikilia nyasi bandia basi mwambie mfanye kidogo, mita 40 kwa 20, hiyo ni mita za mraba 800. Kiwanja kamili 105 kwa 68 ni 7,140. Hesabu mwenyewe. Na kabla ya yote chimba shimo la kufika gotini katikati ya kiwanja, tia ndoo mbili za maji, uje utwambie.

MwalimuFilimbi
Nimerudi jamani. Shimo nilichimba na vijana jana baada ya alasiri. Ndoo mbili. Leo asubuhi kabla ya kengele nimekwenda kutizama, maji yapo, na chura mmoja keshahamia.

Nimempigia yule kijana usiku nikamsomea maneno yenu yote, la Dada Netiboli nikalisoma mara mbili, kanyamaza kidogo af kasema nduguye wa kike aliacha michezo skuli hii hii na yeye hakuwahi kumuuliza kwa nini. Choo na chumba cha kubadilishia kakubali vianze. Kiwanja tunatoa maji kwanza, mtaro wa upande wa mnazi mrefu, mawe yaondoke, kitiwe mchanga na majani. Zulia dogo litazungumzwa mwakani. Mkuu wa skuli kanuna, kasema ufunguzi wa choo hauna picha.

Jumamosi saa moja asubuhi tunaanza mtaro. Aliye karibu aje na jembe, sululu tunazo mbili tu, chai na mihogo ipo.

KarafuuMbichi
Nakuja. Na majamvi siji nayo wallahi 😂