Hii pikapu ya samaki imewekwa injini gani jamani?

Wadau, juzi natoka Kilifi narudi Malindi nikapitwa na Hilux kuukuu ya samaki, bodi imeliwa na chumvi, maji ya barafu yanachuruzika nyuma, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho wapi, ishapotea. Ina nini ile?

fundi_maweni: Nahisi 1JZ hiyo, injini ya Toyota, ile ya magari ya Mark II na Chaser, silinda sita, lita 2.5, yenye tabo (ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280. Ukiipachika kwa Hilux tupu tairi za nyuma zinateleza ovyo maana nyuma hakuna uzito, kwa hivyo barafu inamsaidia 😂

Bin Shela: Wamarekani walishafanya hayo kitambo, pikapu ya GMC Syclone ya 1991, V6 lita 4.3 na tabo, farasi 280 vilevile, tairi zote zinavuta, jarida la Car and Driver likaishindanisha na Ferrari ikaitangulia. Ila mzigo wake kama kilo 230 tu, sasa hiyo pikapu ama mkoba?

mamake_Zuu: Kabla hujaiga angalia breki kwanza, Hilux za zamani nyuma ni dramu tu, na injini ikibadilishwa logbuku nayo ibadilishwe NTSA, ile mamlaka ya usafiri ya Kenya. Mwenye hiyo pikapu ya samaki namjua, na haiuzi.