Mama kavunjika mkono kwa kuteleza tu. Ni uzee au mifupa imepungua?

Binti wa Muheza: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 61. Jumamosi akiwa anaanua nguo aliteleza kwenye tope, akaangukia mkono wa kulia. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo, lakini mfupa juu kidogo ya kiganja ulivunjika. Hospitali wakamfunga muhogo (plasta ngumu) na kumpa dawa ya maumivu. Nikauliza, mbona umevunjika kirahisi hivi? Nikajibiwa, "Ni umri." Sijaridhika. Bibi mzaa mama alipinda mgongo mpaka tukamzidi urefu sisi wajukuu, mwisho akavunjika nyonga na hakuinuka tena. Mimi nina 38, nami naogopa.

Kaka Mkubwa: Pole dada. Mpikie supu ya makongoro. Osteoporosisi, huo ugonjwa wa mifupa kupungua na kuwa dhaifu, ni wa wazungu.

Dada wa Mazoezi: Hapana kaka. Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo na akina mama hawa nawapokea. Ni kweli Ulaya ya kaskazini nyonga zinavunjika zaidi, ila huku mashine za kupima ni chache, wengi wanaishia kuambiwa ni uzee. Duniani, katika wanawake 3 waliovuka miaka 50, mmoja atavunjika mfupa kwa sababu ya osteoporosisi. Wanaume ni 1 kati ya 5. Na supu hiyo ina kalsiamu kidogo mno, bora dagaa wanaoliwa na mifupa yao, au maziwa. Binti, mama alikoma hedhi lini? Kuna dawa anayotumia siku zote?

Binti wa Muheza: Alitolewa kizazi pamoja na ovari akiwa na 41. Tena ana pumu. Kifua kikibana ananunua prednisoloni (vidonge vya steroidi) duka la dawa, mwaka wa nne huu.

Dada wa Mazoezi: Umejijibu. Ovari zikitoka, estrojeni, homoni ya kike inayolinda mfupa, inashuka ghafla, na prednisoloni ya muda mrefu inaumaliza mfupa taratibu. Ongeza na nyonga ya bibi. Ila tafadhali, prednisoloni asiiache ghafla, ni hatari. Daktari ndiye aipunguze na ampe dawa nyingine ya pumu. Mwombe pia kipimo cha DEXA, eksirei maalumu ya kupima uimara wa mifupa. Alama yake (T-score) ikisoma -2.5 au chini yake, ndiyo osteoporosisi yenyewe. Eksirei ya kawaida haioni mpaka mfupa uwe umepungua sana.

Mama Wanne: Mimi natumia alendronati, dawa ya osteoporosisi, kidonge kimoja kwa wiki. Nakimeza alfajiri kabla sijala kitu, kwa glasi nzima ya maji, kisha nakaa wima nusu saa. Siku niliyorudi kulala mapema, koo liliungua mpaka jioni. Na mikeka yote inayoteleza nimeiondoa, usiku taa ya koridoni haizimwi.

Binti wa Muheza: Asanteni sana. Jumatatu tunarudi kliniki, nimeshaandika yote kwenye karatasi: ovari, prednisoloni, nyonga ya bibi. Kuna anayejua kama DEXA ipo Tanga, au ni mpaka Dar?