Roshani Mji wa Kale: mchaichai unakauka ncha, na ndege wanaokuja ni kunguru tu

Bint_Kuze:
Assalaam aleikum. Nataka kona ya kunywea chai ya alasiri huku nikisikiza ndege. Roshani ni mita 3 kwa 2, ghorofa ya tatu, inapata jua la asubuhi hadi saa sita. Mchaichai uko ndani ya ndoo ya lita 20 na unamwagiwa maji ya kisima kila siku, lakini ncha zimekuwa kahawia kama zimeunguzwa. Bakuli la maji ya ndege limetekwa na kunguru, leo limekutwa na mfupa wa samaki ndani. Shomoro hawatui kabisa. Na la mwisho: chai ya maziwa nikiitia tangawizi inakatika. Kosa liko wapi?

Babu_Mkulima:
Wa aleikum salaam mwanangu. Ncha kuungua ni chumvi ya kisima. Mmea unakunywa maji, chumvi inabaki kwenye udongo, kila siku inazidi. Hakikisha ndoo ina matundu matano chini, kisha mwagilia lita 40 za maji ya mfereji au ya mvua polepole, yapite yote yatoke. Usiyaache yakae kwenye sinia chini ya ndoo, chumvi itarudi juu. Baada ya hapo kisima kiwe cha dharura tu.

Majani yaliyoungua hayarudi kijani. Yakate, acha sentimita 5 juu ya shina jeupe, na uvae glavu maana kingo zake zinakata kama wembe. Ukipanda upya: udongo mwekundu makopo mawili, mchanga kopo moja (si wa pwani!), samadi ya mbuzi iliyooza kopo moja. Juu tandaza makumbi ya nazi, udongo usikauke upesi. Shina likijaza ndoo, ling'oe uligawe, la sivyo majani yatakuwa membamba yasiyo na harufu.

Fundi_Waya:
Dada, kunguru huyo hutia chakula kikavu majini kikalainika, ndiyo maana ya huo mfupa. Tena anaiba mayai na makinda ya wenzake, kwa hivyo akiwapo wadogo hawashuki. Kumfukuza kwa kelele ni kazi bure, anazoea.

Tengeneza kizimba cha wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 4 kwa 4. Wa kuku wenye matundu madogo haufai, shomoro hapiti. Chukua uliopakwa zinki, upepo wa bahari hula chuma kitupu. Vipimo: 60 kwa 60, kimo 40, na juu kufunikwe. Kisahani cha udongo cha upana wa sentimita 20 kikae katikati kabisa. Ukikisogeza ukutani, kunguru anapenyeza mdomo na umerudi palepale. Kina cha maji kisizidi sentimita 3, tia jiwe moja la kusimamia. Mtama au wimbi, kijiko kimoja asubuhi. Kinachobaki jioni ondoa, kinaita panya.

Maji yamwagwe kila siku ya pili na kisahani kisuguliwe kwa brashi. Kumwaga tu hakutoshi: mbu wa homa ya dengi hugandisha mayai pembeni, juu ya maji, yakakaa makavu yakingoja.

Chozi_Mwekundu:
Kuna njia ya kuwatia ndege chozi, wale wanaofyonza maua, maji ya sukari?

Fundi_Waya:
Ipo, sehemu moja ya sukari kwa nne za maji, lakini kwa joto la huku yanachacha siku hiyohiyo na sisimizi wanajaa. Afadhali mshubiri kwenye chungu, penye jua. Ukitoa maua, chozi anakuja mwenyewe.

Mama_Iliki:
Hiyo ya maziwa, mwanangu: tangawizi mbichi ina kitu kinachogandisha maziwa, na moto ndio unaokiua. Twanga kipande cha kidole gumba, kichemke kwenye vikombe viwili vya maji dakika 5 kamili, na iliki tatu zilizopasuliwa. Maziwa vikombe viwili ndipo yaingie, majani ya chai vijiko viwili vidogo mwisho, dakika 2 tu. Maziwa yaliyolala nje ya friji usiyalaumu kwa tangawizi, hayo yalikuwa yameshaharibika.

Mchaichai mimi huuweka kwenye chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, maana maziwa yanaufunika. Majani manne, uyafunge fundo ili yasitawanyike, maji vikombe vinne, dakika 5, na sufuria *ifunikwe*. Ile harufu nzuri ya jikoni ndiyo chai yako inayokwenda zake. Zima, tia majani ya chai kijiko kimoja na nusu, ngoja dakika 3, chuja.

Bint_Kuze:
Ahsanteni wazee wangu. Asmini nayo yafaa kwa chai, au ni ya vikuba, vile vishada vya kujipambia, tu?

Mama_Iliki:
Yafaa, ile ileile ya vikuba. Chuma vitumba alasiri, vikiwa vimefura ila havijafunguka. Vichanganye na majani makavu ya chai ndani ya kopo, vifunguke humo usiku. Alfajiri vitoe vyote, vikibaki chai inaota ukungu.