Mbwa wangu anaogopa watoto, na wajukuu wanakuja Desemba

Bibi Kibosho

Habari zenu. Naomba ushauri, na tafadhali msiniambie "mfunge tu", maana hilo nimeshaambiwa na kijiji kizima.

Nina mbwa dume anaitwa Tomi, wa kienyeji, kahawia, ana doa jeupe kifuani. Umri wake kama miaka minne. Nilimchukua mwaka jana kwa jirani aliyehama. Kule alikuwa anashinda kwenye mnyororo mchana kutwa, kando ya njia ya watoto wa shule, na watoto wakipita wanamtupia mawe. Niliona kwa macho yangu na sikusema neno. Linaniuma mpaka leo.

Kwangu hafungwi. Anazunguka kihambani, shamba letu la migomba na kahawa, usiku analala kibarazani, na kwa watu wazima ni mpole kabisa. Shida ni watoto. Wiki iliyopita mtoto wa jirani, wa miaka mitano, aliingia kwenye migomba kufuata mpira wake. Tomi alikuwa amelala. Hakubweka. Aliinuka nusu, akafyata mkia, mwili ukakaza kama gogo, akatazama pembeni mpaka weupe wa jicho ukaonekana. Mtoto alipoinama kuokota mpira, mdomo wa Tomi ukapanda upande mmoja nikaona jino. Nilimwita mtoto taratibu, akaja. Tomi akaenda kujificha nyuma ya simtanki, hakutoka mpaka giza, na ugali wake hakuugusa. Mimi nilimgombeza sana kwa kukenua meno. Sijui kama nilikosea.

Sasa wanangu wanapanda kutoka Dar kuja Krismasi, kama ilivyo kawaida yetu huku Moshi. Wajukuu watano watalala hapa wiki mbili, mdogo ana miaka miwili na nusu. Leo ni mwisho wa Oktoba, nina wiki saba. Sitaki kumtoa Tomi, na siwezi kumweka mjukuu wangu hatarini. Inawezekana?

---

Mzee wa Marangu

Dada, pole. Mimi ningejenga banda imara nikamweka humo siku zote wageni wakiwepo. Sisemi kwa kumchukia mbwa. Mtoto wa kaka yangu aling'atwa shavuni na mbwa waliyemlea wenyewe tangu akiwa kitoto, siku ya sherehe, watu wamejaa uani. Kila mtu alidhani mwenzake anamwangalia mtoto. Alishonwa, na kovu analo.

---

Daktari wa Mifugo, Arusha

Shikamoo bibi. Nianze na lile la kugombeza, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi. Tafadhali usirudie. Kukenua na kuunguruma ni namna yake ya kusema "naomba usogee mbali". Kabla ya hapo alishasema kwa upole mara kadhaa: kukaza mwili, kugeuza uso, kuonyesha weupe wa jicho. Wengine hulamba midomo wakati hakuna chakula, au hupiga miayo bila usingizi. Ukimwadhibu kwa kuunguruma, woga unabaki palepale, kinachoondoka ni onyo. Siku nyingine atang'ata bila kutoa sauti, na watu watasema "aligeuka ghafla".

La pili, mpeleke kwa daktari wiki hii. Mbwa mwenye jino bovu au sikio linalouma hana uvumilivu, hata umfundishe vipi. Hakikisha ana chanjo ya kichaa cha mbwa na kadi yake ipo. Kama hujui historia yake, achanjwe sasa, maana kinga haijengeki siku moja. Apewe dawa ya minyoo inayoua na tegu. Na kama unamlisha mapupu au maini ya buchani, yachemshe hadi yaive vizuri. Yakiwa mabichi yanaweza kuwa na malengelenge ya mnyoo ambao mbwa hutoa mayai yake kwenye kinyesi, na mtoto anayecheza kwenye udongo huo anaweza kuyameza.

Sasa mafunzo. Lengo si wajukuu wamshike Tomi. Lengo ni Tomi amwone mtoto na aendelee na mambo yake. Ukilishika hilo, wiki saba zinatosha kupiga hatua.

Tafuta kitu anachokipenda kuliko vyote, tuseme vipande vidogo vya nyama iliyochemshwa, na asikipate wakati mwingine wowote. Mwombe jirani mtoto wake akae na mzazi mbali, hata hatua thelathini, akifanya jambo la kutulia. Wewe kaa na Tomi kwenye kamba iliyolegea. Akimwona mtoto, mpe kipande, kimoja baada ya kingine. Mtoto akiondoka machoni, nyama inakwisha. Mpangilio huo ndio dawa yenyewe: mtoto kwanza, nyama baadaye. Ukimpa nyama kwanza ndipo mtoto atokee, utamfundisha kuiogopa nyama. Mtoto asimrushie chakula yeye mwenyewe. Mbwa aliyetupiwa mawe anaujua ule mkono unaoinuka.

Umbali utauonaje? Umeshauona, bibi. Siku ile hakugusa ugali. Mbwa aliyezidiwa na woga hali chakula. Tomi akikataa nyama, au akiipokonya kwa meno makali kuliko kawaida, mko karibu mno, rudini nyuma. Dakika tano kwa siku, acha akiwa bado ametulia. Usipunguze umbali mpaka akimwona mtoto aanze kukutazama wewe, kama anayeuliza nyama iko wapi.

Fanya hivyohivyo na sauti. Rekodi kwenye simu watoto wakicheza, uicheze kwa sauti ndogo sana wakati anakula, uongeze kidogokidogo.

Kuhusu mnyororo wakati wa wageni, hapana. Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, na kwa huyu itakuwa kumrudisha kwenye ile njia ya shule. Lakini Mzee wa Marangu ana hoja: Tomi anahitaji chumba chake chenye mlango, na aanze kukipenda leo, ale chakula humo mlango ukiwa wazi, halafu umefungwa dakika moja, halafu kumi. Wajukuu wakubwa wafundishwe: hakuna kumfuata anapokula, anapolala au alipojificha, hakuna kumkumbatia, na akiwasogelea wasimame kama mti, mikono chini, macho ardhini. Wa miaka miwili na nusu usimtegemee kukumbuka lolote. Huyo atenganishwe na Tomi kwa mlango, au awe na mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina, na mtu huyo akienda chooni amkabidhi mwingine mtoto kwa kutamka.

Na ikitokea ajali, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa amechanjwa.

---

Mama Wawili, Mombasa

Bibi, naongeza moja. Sisi tuliweka mlango mdogo wa mbao wenye wavu wa kuku kati ya uani na jikoni. Wageni wakawa wanauacha wazi, kila mmoja kwa nia njema. Ilibidi tuweke komeo juu, mahali mtoto hafiki, na kengele ya mbuzi inayolia ukifunguliwa. Kengele ndiyo iliyotuokoa. Jambo jingine ni chakula mkononi. Mbwa wetu alikuwa hana neno na watoto mpaka mdogo wangu wa mwisho alipopita na mahamri, usawa wa pua yake kabisa.

---

Bibi Kibosho

Daktari, marahaba, na asanteni wote. Tulimpeleka. Alikuwa na jino limevunjika nyuma, fizi imevimba, sikujua. Limeng'olewa. Chanjo kapata.

Tulianza na mtoto wa jirani hatua arobaini, maana kwa thelathini alikataa nyama. Wiki ya kwanza sikuona chochote na nilikata tamaa. Siku ya kumi na moja mtoto alikaa chini ya mti wa kahawa akikoboa maharage kwenye ungo, Tomi akamtazama, kisha akageuka akanitazama mimi usoni, masikio yamelegea. Nililia, nawaambia ukweli.

Leo tumefika hatua kumi na mbili. Juzi tuliharibu: kaka wa yule mtoto alitoka mbio na fimbo, Tomi akarudi nyuma ya simtanki. Tukarudi kwenye umbali wa hatua ishirini na tano tukaanza upya.

---

Bibi Kibosho

Narudi na habari, ni tarehe 28 Desemba. Chumba chake ni stoo ya kahawa, nimemwekea gunia lake na kengele kama ya Mombasa. Siku ya ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, watu zaidi ya thelathini, alikuwa humo na mfupa tangu asubuhi mpaka wageni walipoondoka, na zamu ya mlango aliishika mwanangu wa pili. Siku nyingine anatoka asubuhi na jioni, wakubwa wakiwa wamekaa. Mjukuu wa miaka tisa amejua kusoma mwili wake kuliko baba yake. Jana alininong'oneza, "Bibi, amelamba mdomo, tuondoke," wakaondoka.

Yule mdogo hajamgusa, na hatamgusa safari hii. Anamwona kupitia wavu na kumwita "Omi". Tomi anainua sikio moja, anamtazama, halafu analaza kichwa tena kwenye gunia.

Wanashuka Dar tarehe 3. Daktari, nina swali: wakishaondoka, niendelee na mtoto wa jirani kila siku au nimpumzishe kwanza?

---

Daktari wa Mifugo, Arusha

Mpumzishe siku nne au tano, bibi, amefanya kazi kubwa. Kisha endelea mara tatu kwa wiki, muanzie hatua ishirini, si kumi na mbili. Na huyo wa miaka tisa mwambie nimemsalimia.