Wanoaji wa Bukavu, mnatuharibia patasi za mraba!

Wandugu maseremala, nimekasirika na sitaficha. Nimepeleka patasi yangu ya mashine ya kutoboa matundu, ile ya mraba ya 12 mm inayopita meshi (keekee inayozunguka na kutoboa) ndani, kwa mnoaji mmoja upande wa Kadutu. Imerudi inang'aa pande zote nne za nje. Ndani hajagusa hata kidogo! Na pesa kachukua, tena dola.

Jamani, nani aliwafundisha kunoa patasi hii kwa nje? Upana wa nje ndio kipimo cha tundu kwenye mti. Ukishaupunguza kwenye gurudumu la umeme, 12 haipo tena, na ulimi (ncha ya mti inayoingia kwenye tundu) niliouchonga kwa 12 hauingii. Tena amekula nchani tu, huku juu kumebaki kunene, kwa hiyo patasi ikishuka mti unaibana, na ukivuta mkono wa mashine kuipandisha inagoma. Kwenye mkaratusi mkavu ndiyo balaa kabisa. Halafu kona moja imegeuka bluu! Chuma cha patasi kikifika rangi hiyo kimepata joto la digrii 300 hivi, ugumu umeshatoka. Hata ukikinoa vizuri sasa, makali hayakai.

Patasi hii inanolewa kwa ndani. Kuna kinoleo cha umbo la koni chenye kijiti mbele. Kijiti kinaingia katika tundu la patasi na kulijaza sawasawa ili koni isiyumbe. Unatia tone la mafuta, unazungusha polepole kwa mkono mpaka makali yaonekane pande zote nne na kwenye kona. Pembe ya koni lazima ilingane na ya patasi, maana watengenezaji hawatumii pembe moja. Nje unalaza patasi bapa juu ya jiwe laini, unapitisha kidogo tu kuondoa unyusi, yaani chuma chembamba kinachojikunja kwenye makali. Basi!

Meshi nayo aliipiga tupa kwa nje. Kichwa cha meshi kinatakiwa kiwe kipana kuliko tundu la patasi, ndipo patasi ibaki na kazi ya kukata kona tu. Kikipungua, patasi inasukuma mti mzima, na mkono wako ndio unaoumia. Tupa ndogo inapita upande wa ndani wa kile kijino cha pembeni, na juu ya ukingo unaokata.

Nilipomrudia ananiambia, «Papa, labda umefunga meshi vibaya.» Mimi huacha nafasi ya 1 mm hadi 2 mm kati ya kichwa cha meshi na mdomo wa patasi, najua kabisa vikigusana vinaungua. Asinifundishe kufunga meshi!

Na ninyi wauzaji, mnatuuzia patasi bila koni yake, mlidhani tutanoa na nini?

Mwenye koni ya 12 mm hapa Bukavu, ya kuuza au ya kuazima, aandike hapa. Na wewe mnoaji, ukisoma hapa unajijua: nataka patasi nyingine, sitaki unirudishie dola tu.